Sura ya 7 Minnesota: mali gani inabaki kwangu?

Mshona_Nguo
Wakuu, salaam. Naandaa maombi ya kufilisika chini ya Sura ya 7 ya sheria ya kufilisika ya Marekani, ile ambayo mali isiyolindwa huuzwa kulipa wadai na madeni hufutwa. Naishi Minnesota mwaka wa tano sasa, nyumba ya kupanga. Nilicho nacho: gari la dola 13,000 lenye mkopo wa 9,000, vyerehani viwili vya kazi, 1,800, dhahabu ya harusi, 3,000, benki 600, marejesho ya kodi ya mapato 3,800 ambayo hayajaingia, akiba ya kustaafu ya kazini (401(k)), na kiwanja nyumbani cha kama 12,000. Hati ya kiwanja ina jina la kaka, fedha nilitoa mimi. Kipi kitauzwa? Na kiwanja lazima nikitaje?

Kalamu_Nyekundu
Anza kwa kuchagua orodha ya kinga, yaani viwango vya mali ambavyo sheria inakuachia visiuzwe. Minnesota inakuachia uchague ya jimbo au ya shirikisho, ila kuchanganya hairuhusiwi. Asiye na nyumba hufaidika zaidi na ya shirikisho kwa sababu ya kinga ya jumla, inayolinda kitu chochote: dola 1,675, pamoja na hadi 15,800 ya kinga ya nyumba usiyoitumia. Jumla 17,475. Ni viwango vya kesi zinazofunguliwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2025.

Sasa hesabu. Gari huhesabiwa thamani ukitoa mkopo, yaani 4,000, na kinga yake ni 5,025. Limepona. Vyerehani ni vifaa vya kazi, kinga 3,175, navyo vimepona. Dhahabu: kinga ya vito ni 2,125, kwa hiyo 875 inatafuta hifadhi kwenye kinga ya jumla. Huko huko yanakwenda marejesho, fedha za benki na kiwanja: 875 + 3,800 + 600 + 12,000 = 17,275. Umebakiwa na nafasi ya dola 200 tu, na hiyo inanitia wasiwasi.

401(k) haiingii kabisa kwenye fungu la mufilisi, yaani mali inayoshikwa na msimamizi wa kesi, ambaye huuza isiyo na kinga ili kulipa wadai. Samani na nguo zina kinga ya 800 kwa kila kitu, hadi 16,850 kwa jumla, na thamani yake ni ya mtumba, si bei uliyonunulia.

Nanga
Kiwanja kitaje, dada, tafadhali sana. Sheria inachukua mali ya mdaiwa popote ilipo na kwa yeyote anayeishika, kwa hiyo jina la kaka halikitoi. Kiandike kwenye Fomu 106A/B, na kinga yake kwenye 106C. Anayeficha mali kwa makusudi hunyimwa kufutiwa madeni, na ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5. Wala usikimbilie kumuuzia au kumpa mtu: uhamisho wa kukwepa wadai ndani ya mwaka mmoja kabla ya maombi unaweza kukunyima msamaha wote (huko kufutiwa madeni), na msimamizi anaweza kutengua wa hadi miaka 2 nyuma.

Tafuta mthamini wa huko akupe tathmini ya maandishi. Katika Schwab v. Reilly (2010) Mahakama ya Juu ilisema ukidai kinga ya kiasi fulani, umelinda kiasi hicho, si kitu chenyewe. Kiwanja kikionekana ni cha 20,000, ziada ni ya wadai, na huenda ukalazimika kuilipia ili kisiuzwe.

Kuhusu zile dola 200: ukisubiri marejesho yaingie kwanza, ukayatumia kwa kodi ya nyumba, chakula na wakili, huna tena cha kukinga hapo. Tunza risiti. Usimlipe ndugu deni lake, maana malipo ya ndugu ya ndani ya mwaka mmoja yanaweza kudaiwa yarudishwe.

Mama_Salha
Nyongeza ya gari. Kinga inamzuia msimamizi, haimzuii aliyekukopesha kwa dhamana ya gari. Ndani ya siku 30 tangu kufungua kesi, au kabla ya mkutano wa wadai ukitangulia, unawasilisha tamko la nia: kurudisha, kukomboa, au kuthibitisha deni upya. Kukomboa ni kulipa thamani ya gari kwa mkupuo, na kunafaa pale mkopo unapozidi thamani, jambo lisilokuhusu. Ukithibitisha upya, deni linabaki lako hata baada ya kesi. Ukikwama baadaye watalichukua gari, waliuze, na kukudai deni litakalobaki. Unaweza kujitoa hadi siku ya msamaha, au siku 60 tangu makubaliano yawasilishwe mahakamani, ipi itakayochelewa.

Mshona_Nguo
Nimeelewa, asanteni. Je, tukiomba pamoja na mume wangu kinga zinaongezeka?

Kalamu_Nyekundu
Ndiyo, kila mmoja anapata zake kamili, ila lazima wote mtumie orodha ileile. Angalia lakini: kinga ya mume inalinda mali ambayo naye ana sehemu yake. Ikiwa kiwanja ni chako peke yako, 17,475 zake hazikisaidii. Marejesho ya kodi mliyojaza pamoja yanaweza kugawanywa, na hapo ndipo utapata nafuu.