Prado 90 ya mwaka 1998: niitengeneze kwa njia ya Kamituga ao niiuze?

Mwana_Nyawera

Jambo yenu bakubwa. Niko na jipu Toyota Prado KZJ95 ya mwaka 1998, ya mazutu, motere 1KZ-TE ya lita 3, vitesi za mkono. Saa ya kilometa inaonyesha 287 000. Hapa Bukavu inatembea bila shida. Kuanzia mwezi wa kenda kazi itanipeleka Mwenga na Kamituga mara mbili kwa mwezi, mara moja moja Bunyakiri. Tutakuwa watu watatu na mizigo ya kilo 250 hivi.

Garaje moja imenipigia hesabu hii: kuinua gari sentimita 10, mapine ya matope 285/75 R16, parashoki ya chuma yenye winchi, na galeri ya juu yenye taa. Yote dola 4 200. Mimi niko na 3 000. Je, gari ya umri huu inastahili pesa hizo? Kama inastahili, nianze wapi? Ao niiuze nitafute Land Cruiser?

Fundi_Kadutu

Inastahili, mdogo wangu, lakini orodha hiyo weka kando kwanza. Hakuna hata kitu kimoja ndani yake kinachogusa sehemu ambazo gari hii inafia njiani. Kabla ya kutoa dola moja, pima kulasi (kile kichwa cha motere kinachofunika bloku), shasi na rotile (viungo vya duara vinavyoshika magurudumu ya mbele).

Kulasi ndiyo kubwa. Bloku ya 1KZ-TE ni chuma cha kusubu, kulasi yake ni aluminiumu. Ikipata moto kupita kiasi inapasuka kati ya vali na kando ya vile vyumba vidogo vya mwako. Na njia ya Kamituga ndiyo inayoleta huo moto: unapanda na mzigo kwa vitesi ya kwanza, upepo wa mbele haupo kwa sababu unaenda polepole, radiatere imezibwa na matope. Sindano ya tablo haitakusaidia, maana imetengenezwa ikae katikati hata joto likipanda. Ikianza kusogea, umechelewa.

Kipimo: acha gari ilale usiku mzima. Asubuhi, motere ikiwa baridi kabisa, fungua radiatere, jaza maji mpaka mdomoni, funga vizuri, washa, shika bomba la juu kwa mkono. Kama ndani ya dakika moja ao mbili limekuwa gumu na maji bado ni baridi, gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Maji baridi hayawezi kuleta mgandamizo huo yenyewe. Kuthibitisha, tafuta fundi mwenye kile kichupa cha dawa ya bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa radiatere: gesi ikipita, bluu inageuka kijani ao njano.

Shasi: ingia chini na nyundo ndogo, gonga kuanzia katikati kwenda nyuma, hasa juu ya ponti ya nyuma (ule mhimili unaobeba magurudumu), pale mikono ya ponti na resori zinapoungana na shasi. Gari nyingi za kutoka Japani zimetembea kwenye barabara zenye theluji zilizomwagwa chumvi, na kutu yake inaanzia ndani. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya mbao na nyundo inaacha shimo. Rangi nyeusi mpya chini ya gari isikudanganye, gonga na yenyewe. Ukikuta mashimo hapo, iuze, usiendelee kusoma.

Rotile za chini za mbele: kwenye Prado hii zimepangwa kwa namna ambayo uzito wa gari unazivuta badala ya kuzikandamiza. Ikichoka, inachomoka. Gurudumu linakunjika chini ya gari, na inaweza kutokea hata kwenye lami. Inua gurudumu, weka nondo ndefu chini ya pine, mtu anyanyue na kushusha, wewe uangalie rotile kwa tochi. Mchezo wowote unaoonekana kwa jicho, badilisha zote mbili, piesi za asili, na bolti zake nne kila upande ziwe mpya. Hapa usibane pesa.

Vikipita vyote vitatu, anza na: radiatere kufunguliwa na kusafishwa, termosta mpya, mabomba yote ya maji, na ile klachi ya feni. Zima motere ikiwa bado moto: feni ikizunguka kirahisi kwa kidole, klachi imekufa. Weka maji ya radiatere yenye dawa, nusu kwa nusu, usimimine maji ya bomba peke yake. Ongeza saa ya joto ya pembeni yenye kengele, kihisio chake kwenye kulasi. Na kama huna karatasi ya mkaba wa distribisio (ule mkanda unaoendesha vali), hesabu kwamba haujabadilishwa: ni kila kilometa 100 000, na ukikatika vali zinagonga pistoni.

Dereva_RN2

Fundi amemaliza upande wa motere. Mimi niongelee njia.

Mwana_Nyawera, kwenye RN2, njia yako ya Mwenga na Kamituga, kinachokamata jipu ndogo si matope yenyewe. Ni mifereji ya magurudumu ya malori. Lori lina pine ndefu na njia yake ni pana kuliko ya Prado. Ukiingia kwenye mifereji, upande mmoja unakaa chini na mwingine unapanda ukingoni, ao tumbo linakaa juu ya udongo wa katikati na magurudumu yanazunguka hewani.

Sasa elewa jambo hili, ndilo garaje halikukuambia: sehemu ya chini kabisa ya Prado nyuma ni ponti, na resori ndefu haziinui ponti hata milimita moja. Ponti inainuliwa na pine tu. Piga hesabu: 265/70 R16, pine ya kawaida ya Prado hii, ina kipenyo cha milimita 777. 265/75 R16 ni 804, kwa hiyo ponti inapanda milimita 13. 285/75 R16 ni 834, ponti inapanda 28. Ni kweli 28 ni nyingi, lakini pine hiyo itakwaruza ukikata volani, ni nzito kwa rotile zilezile tulizosema, na inarefusha mwendo kwa asilimia 7: saa itasema 60 nawe uko 64, na mlimani motere ya lita 3 itahangaika, moto unapanda. Tumerudi kwenye kulasi.

Chukua 265/75 R16 za aina ya njia zote, yaani AT, lakini ziwe LT zenye ubavu mgumu. Mapine ya matope kabisa, MT, ni mazuri kwenye udongo mwekundu, ila nusu ya safari yako ni mawe na lami, na lami ikilowa yanateleza. Soma tarakimu nne za DOT ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Ukiuziwa «mpya» ya miaka sita, rudisha. Nunua tano, si nne.

Kuinua: sentimita 4 mpaka 5, basi. Mbele ya Prado haina ponti nzima kama Land Cruiser ya zamani. Kila gurudumu lina kardani yake, ile fito inayolizungusha. Ukiinua 10, kardani zinakaa kwa pembe kali, sufle (mipira inayofunika viungo vyake) zinapasuka, matope yanaingia, kardani inaanza kugonga ukikata kona. Tena mikono ya juu inafika mwisho wake, gari inakuwa ngumu kama mkokoteni, na paralelisme (unyoofu wa magurudumu) hairudi sawa. Resori za nyuma uzichague kwa uzito unaobeba daima, si kwa urefu. Resori ya kilo 400 bila mzigo itarusha gari kwenye kila shimo.

Yaya_Muhumba

Kuhusu kuuza: Land Cruiser 70 yenye 1HZ ya lita 4,2 ni rahisi kutengenezwa porini kuliko Prado, haina turbo wala ordinatere ya pampu, na ina ponti nzima mbele. Hilo halina ubishi. Lakini bei ya Prado yako pamoja na 3 000 itakupatia 70 iliyochoka: bwati inaruka vitesi, ponti inavuja, shasi imeungwa kwa kulehemu. Utaanza upya na mfuko mtupu. Prado unayoijua ni bora kuliko 70 usiyoijua.

Jambo ambalo wengine wamelipita: ile fimbo ndogo ya 4x4. Kwenye KZJ95 gari inavuta kwa magurudumu manne wakati wote. H ni mwendo wa kawaida, HL inafunga difa ya katikati (ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma), LL inafunga na kupunguza mwendo kwa ajili ya mlima na matope. Magari mengi ya mjini hayajaingizwa HL miaka kadhaa, na utaratibu wake unakwama. Nenda kwenye udongo ulegevu, ingiza HL, subiri taa ya tablo iwake bila kupepesa. Kama yako ina pia blokaji ya nyuma ya kitufe, ijaribu hivyohivyo. Motere yake ndogo inaganda kwa kutu. Fanya hivyo kila mwezi, mita mia mbili tatu, daima kwenye udongo. Ukifunga difa kwenye lami kavu unavunja ponti mwenyewe.

Na pandisha juu pumzi za ponti. Ni vijivali vidogo juu ya ponti. Ponti ikiwa moto ukaingia mtoni, hewa ya ndani inapoa na kusinyaa, inanyonya maji kupitia sili. Baada ya siku chache mafuta yanakuwa kama maziwa, na beringi zinakufa. Bomba la milimita 8 kutoka kila pumzi mpaka juu ndani ya boneti, na kifilta kidogo mwishoni. Kazi ya saa mbili, bei ndogo sana, na hakuna garaje inayokutajia kwa sababu haionekani.

Mwana_Nyawera

Aksanti sana bote. Nyundo imelia vizuri kila mahali. Rotile ya kushoto ina mchezo, nitabadilisha mbili. HL inaingia, taa inawaka. Kulasi nitapima kesho asubuhi. Winchi je, niiache? Na lile bomba la kupandisha hewa kando ya kioo?

Dereva_RN2

Winchi ya gari hii lazima iwe na nguvu mara moja na nusu ya uzito wa gari iliyopakiwa, yaani karibu kilo 4 000. Ikivuta kwa nguvu zote inakula zaidi ya ampere 300, basi betri na alternateri ziwe nzima. Pamoja na parashoki ya chuma unaongeza zaidi ya kilo 80 mbele kabisa, juu ya rotile na resori. Kwa sasa iache. Galeri pia: kila kilo juu ya paa inapindua gari kwenye ile mifereji iliyoinama. Mizigo ikae ndani, chini, imefungwa.

Badala yake nunua hivi: jeki ndefu ya mkono, kipande cha mbao ngumu cha sentimita 40 kwa 40 ili jeki isizame, beleshi la mpini mfupi, mbao mbili za mita moja na robo za kuweka chini ya pine, mkanda wa kuvutia wa mita 9, manili mbili (vyuma vya kuungia mkanda) zenye kilo za kazi zilizochapwa juu yake, kompresa ya kuunga kwenye betri, na manometa. Hakikisha ndoano za kuvutia zimefungwa kwenye shasi, mbele na nyuma. Usifunge mkanda kwenye kile kichwa cha kuvutia remoki. Kikikatika kinaruka kama risasi, na kimeua watu.

Presha ndiyo winchi ya kwanza. Lami na mzigo: bar 2,3. Mawe: 1,8. Matope: shuka 1,3 kabla ya kuingia, si baada ya kukwama. Kwa 1,3 usipite kilometa 30 kwa saa na usikate volani kwa ghafla, pine inaweza kutoka kwenye jante. Ukitoka, rudisha hewa palepale.

Fundi_Kadutu

Bomba la hewa ni zuri, na si kwa maji tu: hata kiangazi linavuta hewa yenye vumbi kidogo. Ila kila kiungo mpaka kwenye sanduku la filta kizibwe kwa silikoni, pamoja na tundu la kutolea maji chini ya sanduku. Pima hivi: motere ikizunguka taratibu, ziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Ikizimika ao ikakaribia kuzimika, hakuna kuvuja. Ikiendelea kuzunguka, inavuta hewa mahali pengine, na hapo mtoni itavuta maji. Maji hayakandamiziki. Motere ya mazutu ikimeza kikombe kimoja, biele (mikono inayosukumwa na pistoni) zinapinda.

Chuma cha chini nacho uweke, milimita 4, kikinga kartere (bakuli la mafuta ya motere) na radiatere, chenye tundu la kumwagia mafuta.

Mwana_Nyawera

Nimepima kulasi asubuhi hii. Bomba la juu limekuwa gumu baada ya dakika moja hivi, maji bado baridi. Nilirudia baada ya kuacha ipoe mpaka mchana, jibu lilelile. Sindano haijawahi kupita katikati.

Fundi_Kadutu

Basi simamisha kila kitu, na usiipeleke hata Walungu. Mapine yasubiri.

Kulasi ifunguliwe. Ukiona ufa, usikubali ilehemiwe. Joto la mlima litaufungua tena palepale. Tafuta kulasi mpya, si ya kutoa kwenye motere nyingine ya 1KZ, maana nyingi zina ugonjwa huohuo. Juu ya bloku wapime unyoofu kwa rula ya chuma. Wapime pia kila pistoni inatokeza kiasi gani juu ya bloku: jointi ya kulasi ya motere hii inauzwa kwa unene tofauti, na unene unachaguliwa kwa kipimo hicho, si kwa kubahatisha. Bolti za kulasi zote mpya, zikazwe kwa ufunguo wa kipimo, kwa zamu, kuanzia katikati kwenda nje. Mkaba wa distribisio, pampu ya maji na termosta uvibadilishe siku hiyohiyo, kwa kuwa vimeshafunguliwa.

Kisha pima tena bomba asubuhi tatu mfululizo. Likibaki laini mara zote tatu, rudi hapa na bei ya mapine uliyoambiwa.