Mji mdogo pembezoni mwa Nairobi: tuchimbe kisima au tusubiri bomba?

Katibu wa Kamati ya Maji
Hamjambo wenzangu. Mji wetu mdogo, upande wa mashariki wa Nairobi, una kaya zipatazo 400 zinazotegemea maboza. Boza lisipofika, jirani yangu hupanga mitungi mlangoni tangu saa kumi alfajiri. Baadhi ya wanakamati wanataka kisima kirefu, wengine wanataka tusubiri bomba, kwa kuwa handaki linaloongeza maji ya mito ya Murang'a katika bwawa la Ndakaini, ambalo huipatia Nairobi maji, limekamilika. Tulinganisheje njia hizi kabla ya kuwachangisha watu fedha?

Fundi wa Visima
Ndugu Katibu, anzeni na mahitaji. Kaya 400 za watu wanne wanne, kwa lita 50 kila mtu, ni lita 80,000 kwa siku. Kisima kinachotoa lita 8,000 kwa saa kitasukuma saa kumi kila siku, na umeme huo utalipwa na watumiaji mwezi baada ya mwezi. Kwa hiyo msiridhike kuambiwa kina cha kisima tu. Daini matokeo ya kupima pampu kwa saa 24, pamoja na muda ambao maji yalichukua kurudi kimo chake. Kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kitangulie mtambo wa kuchimba. Tena, kisima cha jirani kisiwe dhamana yenu, kwani kimo cha maji ya ardhini Nairobi kimekuwa kikishuka kwa miaka mingi kutokana na wingi wa visima.

Mama Wawili
Kaka Fundi amesema kweli, lakini wingi si kila kitu. Kisima cha mtaa wetu kilitoa maji mengi, safi kwa macho, nasi hatukuyapima floridi, madini ya miamba ambayo yakizidi majini huharibu meno ya watoto. Meno ya ukubwani ya mwanangu wa pili yalipoota yalikuwa na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi, na hadi leo akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Kiwango cha juu kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji hupungua sufuriani huku floridi ikibaki ileile. Nawasihi mpime kabla mtoto yeyote hajayanywa.

Mkazi wa Ruai
Mbona mvua haijatajwa? Paa la mita mraba 100, kwa mvua ya milimita 800 kwa mwaka, laweza kukusanya lita 64,000 hivi hata baada ya upotevu. Shida ni kiangazi: familia inayotumia lita 200 kwa siku humaliza tangi la lita 10,000 kwa siku 50. Lakini maji ya kunywa na kupikia pekee ni kama lita 20 kwa siku, na kwa hayo tangi la lita 5,000 hudumu siku 250. Maji ya mvua hayana floridi ya miamba, basi kisima kibaki cha kufulia na kuoga. Hata bomba likifika litakuja na mgao, kwa hiyo tangi halitapotea bure.

Katibu wa Kamati ya Maji
Ahsanteni sana. Dada, pole kwa ya mtoto. Kulikuwa na pendekezo la kulipa arbuni ya kuchimba mwisho wa mwezi, nimeomba lisimamishwe. Jumatatu nitapeleka maabara chupa mbili za maji ya kisima kilicho karibu nasi, na vijana wawili wataanza kuhesabu nyumba zenye paa la mabati na mifereji.