Masta ya kompyuta sayansi kwa mwenye digrii ya IT, GPA 3.1, nipo Tukuyu, vigezo vikoje?

Mwana_Rungwe:
Wakuu heshima kwenu, poleni na baridi. Mimi nipo Tukuyu, mwaka wa tano huu natunza mifumo kwenye saccos moja ya wakulima, kazi zenyewe ni hizi za kila siku, bakapu, printa imegoma, mtu kasahau paswedi, mwisho wa mwezi ripoti za mikopo. Digrii yangu ni IT, nilimaliza na GPA 3.1. Sasa roho yangu iko kwenye kompyuta sayansi yenyewe, maana kila siku natumia vitu ambavyo siwezi kueleza vinafanyaje kazi huko ndani na hilo linanikosesha amani kwa kweli. Naomba kujua, hii GPA inaniingiza au mpaka nianze na postigradueti diploma? Digrii ya IT wanaihesabu ni fani hiyo hiyo? Na je ipo masta ya kusoma madarasa tu mtu anamaliza bila tasnifu? Nina mke na watoto wawili na bosi ameshasema likizo ya masomo haipo, nikisoma ni jioni na wikiendi. Mwenye uzoefu anielekeze kama mdogo wake.

Kihesa_Juu:
Kamwene mkuu. GPA isikuumize kichwa. Kwa vyuo vinavyotumia GPA ya 5 kama UDSM, kuanzia 2.7 mpaka 3.4 ni sekondi lowa, na vyuo vingi hapa kwetu mlango wa masta unaanzia hapo hapo kwenye 2.7, kwa hiyo 3.1 uko ndani. Postigradueti diploma ni ya waliotoka na pasi, wewe usiende kumaliza mwaka na ada huko bila sababu.

Kitu watakachokichambua ni transkripti. Watatafuta hisabati za diskriti, data strakcha na algorithimu, opereting sistemu, databesi, akitekcha ya kompyuta. IT za vyuo vyetu zinatofautiana sana, kuna wengine walisoma hivyo vyote na kuna wengine wamesoma netiweki na menejimenti tu. Ukikosa viwili vitatu chuo kinaweza kukupokea kwa sharti la kuvisoma pembeni kwanza, sio mwisho wa dunia. Toa kopi ya transkripti, kaa nayo chini na peni, weka alama kila kozi uliyonayo kabla hata hujalipia fomu.

Vyuo: UDSM ni kule koleji yao ya TEHAMA, CoICT, Kijitonyama, UDOM nao koleji yao ya TEHAMA inaitwa CIVE, na kwa mtu wa huku Dodoma ni rahisi kidogo maana lami ya Iringa kupita Mtera inakufikisha. Chuo cha Nelson Mandela pale Arusha wao ni utafiti zaidi. MUST, chuo cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, wako hapo Iyunga, pita siku ukishuka Mbeya mjini uulize ofisi ya masomo ya juu mwaka huu wana programu zipi.

Ila upige hesabu ya muda. Kwa muundo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, masta ni krediti zisizopungua 180 na krediti moja ni masaa 10 ya kazi yako wewe mwanafunzi, darasani pamoja na kujisomea, jumla masaa 1,800. Mtu wa jioni na wikiendi akijitahidi anapata masaa 15 kwa wiki. Gawanya, ni wiki 120, miaka miwili na karibu miezi minne, na hapo hujaumwa wala hujafiwa. Sikukatishi tamaa, mkalishe tu shemeji mapema mwambie ukweli huo.

dada_wa_Uyole:
Ndaga kaka Mwana_Rungwe. Kihesa kaeleza vizuri ya kuingia, mimi niongee ya kutoka maana huko ndiko watu wanakobaki. Darasa letu madarasa tulimaliza karibu wote kwa wakati, mwaka mmoja umeisha. Dezetesheni, yaani hiyo tasnifu, ndio ilitutawanya, wengine mpaka leo.

Mimi nilichagua kutambua ugonjwa wa ukungu kwenye viazi kwa kutumia picha za majani, nilizaliwa kwenye viazi nikaona hapa ndio kwangu. Propozo yangu ilirudishwa mara tatu, supavaiza alikuwa na wanafunzi wengi, barua pepe moja inajibiwa baada ya wiki tatu, mpaka imepitishwa ni mwezi wa nne mwishoni. Halafu kuna vibali, chuo kinakupa barua unapeleka kwa RAS, katibu tawala wa mkoa, RAS anakuandikia kwa DAS wa wilaya, unateremka hivyo hivyo mpaka ofisi ya kijiji, kila meza ina siku zake. Nafika shambani mvua imekatika. Ukungu unataka unyevu kaka, kiangazi majani unakuta yamekauka au mkulima ameshavuna, huwezi kupiga picha za ugonjwa ambao haupo. Nilisubiri mpaka Desemba. Miezi saba na zaidi nimekaa na propozo iliyopitishwa mkononi, na ada ya mwaka wa ziada nikalipa.

Kwa hiyo ukichagua mada anza na swali hili: data yake ipo lini na iko mikononi mwa nani. Wewe una kitu ambacho mimi sikuwa nacho, uko ndani ya saccos, kumbukumbu za mikopo ziko hapo masika na kiangazi. Omba ruhusa ya bodi kwa maandishi sasa hivi, majina ya wanachama yaondolewe, na barua hiyo uitunze. Ukienda chuo umeishika, nusu ya shida yangu wewe hutaionja.

Jambo lingine, kwenye masta C usiizoee, vyuo vingi ufaulu unaanzia B. Na uliza kabisa siku ya kwanza kama wanadai makala ichapishwe kwenye jarida kabla ya kukuruhusu kuhitimu, vyuo vingine wanadai na usipojua inakukuta umeshaaga kazini kwamba unaenda kugradueti.

Mlima_Loleza:
Mimi nijibu hilo la bila tasnifu. Ipo. Georgia Tech ya Marekani ina masta ya kompyuta sayansi ya onlaini tangu Januari 2014, kozi 10, krediti 30, hakuna lazima ya tasnifu, unamaliza ukiwa na GPA isiyopungua 3.0 kwa mfumo wao wa 4. Ndani ya miezi 12 ya kwanza lazima ufaulu kozi mbili za msingi kwa B au zaidi, wanakupima hapo. Na mtihani wa Kiingereza utafanya. Ada ni ndogo ukilinganisha na kusoma darasani Marekani lakini ni dola, na dola unaijua. Kabla hujalipa andikia TCU uwaulize cheti hicho watakitambuaje, na kama ndoto yako ni kufundisha chuo ujue huwa wanaangalia hata GPA ya digrii ya kwanza.

Wanaowaza Ujerumani, kule masta kawaida ni ECTS 120, yaani krediti za Ulaya, na tasnifu ipo ndani yake, wakali sana kwenye kulinganisha kozi zako moja moja, nadharia ya kompyuta wanaihesabu kwa krediti.

Na hii nadharia ndugu yangu ndio itakuumiza usipojiandaa, mtu wa IT anaingia anadhani ni koding. Chukua gari la mbolea linatoka Mwanjelwa, lina vijiji 10 vya kupita, njia ipi ni fupi kuliko zote? Mipangilio ya kupita ni 3,628,800. Ongeza viwe vijiji 15, inakuwa zaidi ya trilioni 1.3. Hakuna kompyuta ya kununua itakayokuokoa ukiendelea kuongeza vijiji, na mpaka leo hakuna aliyepata njia ya haraka ya jibu kamili kwa kila ramani, wala aliyethibitisha kwamba haipo. Swali hilo wanaliita P dhidi ya NP, Stephen Cook ndiye aliliweka wazi kwenye andiko lake la mwaka 1971, na mimi nilipolielewa mara ya kwanza nilikosa usingizi kwa furaha. Wewe unayetaka kujua kwa nini vitu vinafanya kazi, hapa ndipo penyewe. Anza na hisabati za diskriti sasa, lisaa limoja kila usiku watoto wakilala, uthibitisho kwa indaksheni, seti, grafu.

Mwana_Rungwe:
Ndaga fijo wakuu wangu. Nimeshika transkripti hapa, hisabati za diskriti ninayo ila nilipata C, data strakcha ninayo, opereting sistemu ninayo, akitekcha haipo kabisa. Bodi yetu inakaa wiki ijayo, barua nimeanza kuiandika leo. Dada wa Uyole, kwenye hiyo ruhusa niombe kumbukumbu za miaka mingapi?

dada_wa_Uyole:
Omba zote tangu mlipoacha madaftari mkaingia kwenye mfumo. Ukiomba mitatu halafu supavaiza akataka mitano utarudi kusubiri kikao kingine. Na hiyo C ya diskriti irudie mwenyewe nyumbani kabla ya kuapilai, usisubiri wakuambie.