Keystone: tulilipia mji uliofungwa

Ndugu zangu wa Bukavu, hasa nyie wenye yaya (ndugu mkubwa) kule Marekani anayewaita "njooni tutembee", someni kwanza kabla ya kutoa hata dola moja.

Mwezi wa kumi na moja nilikuwa kwa yaya wangu, Sioux Falls. Nikamsumbua mwenyewe: nataka kuona Mount Rushmore, zile sura nne za marais zilizochongwa mlimani. Akapata hoteli Keystone, kimji cha milimani chini ya sanamu. Pichani barabara imejaa watu, bwawa la kuogelea linang'aa, chumba "kinaangalia mlima". Tukalipa siku mbili, tukaendesha zaidi ya kilomita 500.

Tumefika, hata mbwa hakuna! Duka la kwanza, karatasi imebandikwa mlangoni: tutaonana majira ya kuchipua. La pili hivyo hivyo. Kumbe Keystone ni mji wa kiangazi, wakaaji wenyewe hawafiki 300, na baridi ikianza karibu wote wanafunga. Hoteli haikujua hilo ilipochukua pesa yetu? Bwawa limekauka, majani ya misonobari chini, kiti cha plastiki kimelala chali. Na dirisha linaangalia mlima kweli: mwamba uko mita mbili kutoka kwenye kioo. Rais hata mmoja hayumo.

Chakula hakuna, tukapasha sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, nilizotoka nazo nyumbani. Dakika kumi, mtu anagonga. Eti harufu.

Asubuhi tukaomba turudishiwe usiku wa pili. Yule dada wa mapokezi akatugeuzia kompyuta: haiwezekani, tena mnadaiwa dola 35 za "huduma za mapumziko". Huduma gani, dada? Bwawa, akasema. Bila aibu.

Sanamu yenyewe sina neno. Kuingia ni bure, unalipia kuegesha gari tu, na kila sura ina mita 18. Ila milima ile ni ya Walakota, wenyeji wa asili wa kule. Mwaka 1980 mahakama kuu ya Marekani iliamua walipwe fidia kwa kunyang'anywa, wakakataa pesa, wanataka milima yao. Sisi milima hatuitaki, tunataka pesa tu, na hata hiyo tunanyimwa.

Kuna mtu humu aliyewahi kurudishiwa na hoteli ya kule kwa kulalamika benki ya kadi? Kadi ni ya yaya, na tangu tutoke kule anaongea nami kupitia shemeji.