Ramani ya fundi au mbunifu majengo? Nyumba ya vyumba vitatu, Dar

Kokoto_Laini:
Wakuu, kiwanja ni mita 20 kwa 25, barabara iko upande wa magharibi. Nataka vyumba vitatu na paa la kuficha, lile ambalo bati halionekani, limezungukwa na ukuta. Fundi ana ramani tayari kwenye simu, anasema hela ya mbunifu bora ikanunue nondo. Huyo mbunifu anaongeza nini zaidi ya mchoro na muhuri?

Pima_Maji:
Anza na jua, mkuu. Ramani ya kwenye simu haijui barabara yako iko magharibi. Fundi ataweka sebule na madirisha makubwa mbele ili nyumba ionekane, na jua la saa kumi na moja jioni litafika hadi kwenye makochi. Limeshuka mno, hata paa litokeze vipi halilizuii. Mbunifu anaigeuza: urefu wa nyumba uende mashariki-magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini, stoo na choo vichomwe na jua la magharibi. Vyumba vya pembeni vipate madirisha kuta mbili, upepo wa kusi uingie huku utokee kule. Hapo hujaongeza hata tofali.

Boriti:
Mimi naogopa hilo paa. Maji yote yanaingia kwenye mfereji wa ndani, nyuma ya ukuta. Mafundi wengi wanaulaza flati na kutoa bomba moja la inchi 3. Majani ya mwembe yakiziba mdomo, maji yanapanda, yanapita ncha ya bati, yanashukia kwenye dari ya jipsamu. Mchoro wa maana unaonyesha mteremko wa sm 1 kwa kila mita, mabomba mawili ya inchi 4, na tundu la dharura ukutani, chini ya usawa wa ncha ya bati. Bila karatasi hiyo utambana fundi na nini? Halafu paa hilo halina kivuli, kila dirisha litadai shedi yake.

Kaangalie Soko la Kariakoo, kazi ya mbunifu Beda Amuli ya miaka ya 1970. Ile miavuli ya zege iliyopinduliwa ilibuniwa ikinge mvua huku hewa ikipita chini yake.

Kokoto_Laini:
Na mhandisi je?

Pima_Maji:
Ghorofa, lazima. Ya chini, tazama udongo. Ukiwa mfinyanzi unaovimba usiuchezee, mwite. Jina la mbunifu liulizie Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, maana muhuri unachongwa popote. Na kwenye mkataba andikeni aje saiti kabla ya kumwaga msingi, kwenye lenta (boriti ya juu ya madirisha), na kabla ya kupiga jipsamu.