Mrejesho: Ruzuku ya utafiti kwa kampuni ndogo Marekani

Wakuu, salaam. Niliuliza kama mkaazi wa kudumu Marekani, asiye raia, anaweza kuomba ruzuku ya SBIR, mpango wa serikali ya huko wa kuzipa kampuni ndogo hela za utafiti, na kama serikali itachukua hisa.

Anaweza. Mpango huu, uliotokana na sheria ya 1982, unataka zaidi ya asilimia 50 ya kampuni imilikiwe na raia au wakaazi wa kudumu, na wafanyakazi wasizidi 500. Hisa hawagusi, na hela si mkopo.

Aliyenisisitizia nisome mgawanyo wa kazi, asante sana mkuu, umeniokoa. Kwenye SBIR awamu ya kwanza (kujaribu wazo), kampuni yenyewe ifanye angalau theluthi mbili ya kazi. Awamu ya pili (kuliendeleza), nusu. Kifaa changu cha kupima ubora wa maji kinategemea mno maabara ya chuo kikuu, kwa hiyo nimehamia mpango pacha, STTR: kampuni angalau asilimia 40, taasisi ya utafiti angalau 30, zinazobaki mnapatana. Kwa wabunifu wanaoshirikiana na vyuo, naona hii ndiyo njia ya haki zaidi.

Usajili wa SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kusajili waombaji, ni bure (wanaotaka muwalipe wawasajilie, waacheni), ila anzeni mapema. Awamu ya tatu (kuingia sokoni) haina fedha za mpango. Hapo utafute wateja au wawekezaji.

Kwa sasa mimi na chuo tunajadili mkataba wa haki za ubunifu, ambao STTR inautaka. Ukisainiwa, natuma maombi.