Hivi Unguja watu wanakula wapi jamani?

Kirumba Boy: Wakuu nimerudi Zanzibar juzi, siku nne, na sikufuata bichi mimi nilifuata kula. Miaka yote tunaambiwa Unguja wanajua kupika. Siku ya kwanza nikaingia mgahawa mmoja Mji Mkongwe, vitambaa vyeupe, mishumaa, pweza wa nazi 35,000, mgumu kama soli ya kandambili halafu tui lenyewe la pakti kabisa. Kesho yake asubuhi nimepotea vichochoroni huko nikakuta mama kakaa barazani anauza mbaazi za nazi na maandazi, 2,000 tu, nikapiga sahani mbili. Mji mmoja huo huo! Mnachaguaje?

bintMichenzani: Pole kaka. Sie wenyewe hatuli huko, biriani ya Ijumaa unaila kwenu au umealikwa. Sasa huo mgahawa unampikia nani kama si mgeni wa kuondoka kesho na boti, apende achukie harudi. Na menyu ina pitsa, tambi, baga, pweza, kila kitu jiko moja. Muuza urojo yeye ni urojo tu, viazi bajia kachori chipsi za muhogo, ukiisha anaosha sufuria anaenda zake, na akiharibu leo mtaa mzima ushajua.

mzee_wa_sufuria: Nimepika hoteli za kaskazini huko miaka sita. Pweza anataka kupigwa kwanza, halafu achemke polepole na maji yake mpaka alainike ndo utie tui, saa nzima hiyo au zaidi, sasa Agosti una oda 40 ukutani utaipata wapi? Kingine watu hawakijui, masika ikifika Aprili Mei wageni hakuna, wapishi tunapewa likizo isiyo na mshahara tunarudi bara, wengine ndo moja kwa moja. Juni wanachukuliwa vijana wapya. Ndo maana sehemu uliyosifiwa mwaka jana mwaka huu unailaani, jina lile lile mkono mwingine.

Tx_Kigambo: Si ungeenda Forodhani tu mkuu, pale bustanini wanapouza vyakula usiku, unajisumbua bure

bintMichenzani: @Tx_Kigambo Forodhani nenda kwa akili. Ile mishkaki ya kamba na ngisi iliyopangwa mezani imeshaiva kitambo, wanakupashia tu, na bei anakutazama usoni kwanza. Kula zanzibar pizza, inakandwa mbele yako, na juisi ya miwa.

mwanaKibokoni: Mombasa ni vivyo hivyo, hoteli ina AC basi viazi karai vyapoa ndani ya vioo. Mie hufuata foleni ya wamama wenye vyombo vyao, mama wa Kiswahili hatoki na bakuli lake kwenda kununua upuuzi.

mzee_wa_sufuria: Huyo mama wa mbaazi yuko upande gani?

Kirumba Boy: Nimewaambia nilikuwa nimepotea. Kulikuwa na mlango wa buluu na paka wawili

bintMichenzani: 😂😂 Umetaja mji mzima